Gari Lililotangulia

Kila asubuhi Bi Shukriya hutoka kwa mlango wa nyuma, akaufuata mfereji wa falaji mpaka ndani ya mitende ya Ibra. Humo mwanga huwa wa kijani, na sauti za mji humezwa na maji. Njia yake ni duara: hupita mashamba ya ndimu, akapanda kijiji cha juu chenye nyumba za udongo zilizohamwa, akashuka kijiji cha chini, kisha huvuka bonde la mawe na kurudi kwake kwa upande wa pili. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman angali mwanamwari, na umri wake wote wa kushona kofia ameutembeza katika njia hii. Mara nyingine harufu ya ndimu humchukua, akasahau yupo nchi gani.

Tangu alipoanguka akaumia goti, mwanawe Muatasim anataka ahamie kwake Maskati. Mkewe, Alya, keshamtandikia chumba. Wakapatana mama na mwana: Ijumaa watazunguka pamoja. Akimaliza kwa miguu yake, abaki. Akishindwa, afungashe.

"Ukichoka useme, mama. Si aibu."

"Na wewe useme. Makubadhi yako hayo ni ya sebuleni."

Wakaenda polepole. Vumbi la asubuhi lilielea kati ya vigogo kama moshi wa udi. Nyuma ya kuta wanawake waliwaita kahawa, naye akawajibu kwa Kiarabu kuwa atapita kesho. Kijiji cha juu walikipita kimyakimya, kama watu wanaopita chumba cha aliyelala. Goti lilimuuma kidogo, lakini uso aliukunjua.

Kijiji cha chini akasimama ghafla. Mlangoni kwa rafiki yake Mahfoudha, Mpemba wa Wete, lilikuwepo gari la Muatasim.

"Nilimwomba Laith jirani alilete alfajiri," Muatasim alisema, akitazama chini. "Kwa tahadhari tu."

Kabla mama hajajibu, Mahfoudha katoka na kanga kichwani.

"Hee! Mmekuwa wapi? Nimetoka kusali nakuta gari mlangoni, nikasema wageni hao! Gari hili lina adabu kuliko mwenyewe, limetangulia kuja kuniamkia."

"Shikamoo, bibi," Muatasim alisema kwa haya.

"Marahaba, baba. Ingieni."

Vijiji hivi, gari la mgeni likisimama mlangoni, fuala, vitafunio vya kumkirimu mgeni, lazima iandaliwe. Mkekani palikuwa na tende, halua, matikiti, mandazi ya moto, na birika la kahawa. Kuondoka bila kula kungekuwa tusi. Muatasim akatikisa kikombe chake kuonyesha kimemtosha. Mahfoudha akajifanya hakuona, akammiminia tena.

Wakakaa sana. Bi Shukriya alipotaka kuinuka, goti likagoma. Akashika ukuta. Muatasim akatoa ufunguo.

"Twende tu, mama. Gari hili hapa."

"Kumbe ulishaniona nimeshindwa," alisema taratibu, "kabla sijavaa viatu."

Muatasim akautia ufunguo mfukoni. Mama akajikongoja akainuka, wakaaga.

Bondeni mawe yalikuwa meupe kwa jua, na kati yake maji membamba yalipita bila sauti. Penye jiwe pana Bi Shukriya akasita. Mkono wake ukatoka wenyewe, ukatafuta hewani. Muatasim akaushika. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walipofika ng'ambo hakuuachia, wala mama hakuuondoa. Wakaenda hivyo chini ya mitende, mpaka mlangoni.

Alya akapiga simu.

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

"Kwa miguu yake?"

Muatasim alimwangalia mama yake, keshakaa kizingitini anavua viatu, macho kayafumba, anatabasamu peke yake.

"Kwa miguu yake," alisema. "Chumba hicho wape watoto."