Kikokotoo Kilichochora kutoka Kulia

Saa mbili na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinikabidhi redio tatu zilizovuliwa makasha, akanionyesha ngazi. Sikupewa bisibisi wala chuma cha kulehemu. Nilitakiwa kupanda juu ya bati la karakana, nizipange redio zile zitazame jua, kisha nikae karibu nazo ili kunguru wasidonoe nyaya.

Ilikuwa Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ninyi vijana mnaobadilisha kibao kizima cha simu kwa nusu saa mnaweza kuona huo ni mzaha. Lakini kwetu mvua hukaa miezi mingi na ukungu huingia hadi chumbani. Redio nyingi tulizoletewa hazikuwa na ugonjwa mwingine ila unyevu, ambao huunganisha njia za shaba zisizopaswa kugusana. Ukishaikausha, nusu ya kazi imekwisha.

"Redio ni kama muhogo," Fundi Mkuu alipenda kusema. "Usipouanika, unavunda."

Kila mteja aliondoka na ushauri huo pamoja na redio yake: ukiona unyevu, fungua, anika. Ulikuwa ushauri mzuri, nami niliufuata miaka yote niliyokuwa chini yake.

Elimu yangu ya shule iliishia darasa la saba. Elektroniki nilijifunza katika vitabu vikuukuu na katika mashine zilizokufa. Wafanyabiashara waliopitia mpakani Manyovu walituletea vikokotoo vibovu, nami nilivinunua kama wengine wanavyonunua tumbaku. Ndani ya kikokotoo kuna sehemu inayofanya hesabu, na kuna kumbukumbu inayobeba maagizo ya jinsi ya kuzifanya. Maagizo hayo huitwa programu ya ndani. Kuyasoma moja baada ya jingine na kuelewa mtengenezaji alifikiri nini, hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Fundi Mkuu aliniita mganga wa maiti.

Wakimbizi walipoingia kwa wingi kutoka Burundi, shirika moja la misaada lilifungua kituo cha redio za mawasiliano Kibondo, nikaajiriwa huko. Mkuu wa Mawasiliano alikuwa mama wa Tanga, mpole wa maneno, mkali wa utaratibu. Redio zake zilitunza masafa katika chipu, kwa hiyo karakana ilikuwa na mashine ya kuandikia chipu na kompyuta moja iliyotegemea jenereta. Nilipomwomba ruhusa ya kuvitumia Jumamosi mchana kwa vikokotoo vyangu, alifikiri kidogo.

"Sawa, mwanangu. Lakini chipu ya redio yangu ikiguswa, nitakuanika wewe."

Baada ya wiki chache alikuwa akibaki nami, glasi ya chai mkononi, akiuliza maswali mengi kuliko mimi.

Jumamosi moja alikuja Mwalimu Deo, Mrundi aliyefundisha hisabati katika shule ya kambini. Alikuwa amekifunga kikokotoo chake ndani ya shati. Kilikuwa kikubwa, hakina jina la kampuni, na vibonye vyake vilikuwa na alama zilizoandikwa kwa mkono. Alitueleza kwamba ujanani alifanya kazi Ulaya, katika kiwanda kidogo kilichotaka kuuza kikokotoo cha kuchora grafu. Vilitengenezwa vichache vya majaribio, kisha mradi ukafungwa. Sehemu ya kuchora aliiandika rafiki yake waliyekaa naye meza moja. Rafiki huyo alitumia mkono wa kushoto, na kwa utani aliifanya mashine ianze kila mkunjo kutoka kulia kwenda kushoto.

"Alikwisha fariki," Mwalimu alisema. "Picha yake ilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Kazi yake imebaki humu tu, fundi. Na sasa asubuhi nyingine mashine haiwaki."

Nilifungua kasha. Chipu ya programu ilikuwa ya aina ya majaribio, yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Chipu hizo huandikwa kwa umeme na hufutwa kwa miale ya urujuanimno, ili mtengenezaji akikosea aandike upya. Karakana za wenye uwezo hutumia taa maalumu. Jua nalo lina miale hiyo, ila hufuta polepole. Ndiyo maana kidirisha hufunikwa kwa kibandiko. Hapa kibandiko hakikuwepo. Ilibaki alama ya gundi tu.

Nilimuuliza kama mashine iliwahi kukaa juani ikiwa wazi.

"Ego, ndiyo," akajibu, akifurahi kwamba nimeuliza. "Naianika kila wiki. Hema inavuja. Nilipoingia kupitia Kasulu, fundi mmoja mzee aliniambia mashine ni kama muhogo."

Mkuu wa Mawasiliano alinitazama, nami nikatazama chipu. Kisha nilimweleza Mwalimu kwa utaratibu kwamba jua lililoikausha mashine yake lilikuwa likifuta maandishi ya rafiki yake. Alinyoosha mkono akakifunika kidirisha kwa kidole gumba, ingawa tulikuwa ndani.

Kazi ilikuwa kuisoma chipu kabla haijafifia zaidi, kuhifadhi maandishi kwenye diski, kisha kuyaandika katika chipu mpya. Sikuiamini mashine ya karakana kwa chipu dhaifu kiasi hicho, kwa sababu jenereta ilipokohoa nayo ilikohoa. Nikaunda kibao changu cha kusomea, kikapata umeme wake kwenye betri nne za tochi. Bahati yetu ni kwamba Mwalimu na rafiki yake walikuwa waangalifu: mwisho wa programu waliweka jumla ya namba zote zilizotangulia. Ukisoma, ukajumlisha, ukapata jumla ileile, umesoma sawasawa.

Hatukuipata. Mbaya zaidi, kila tuliposoma ilitoka jumla tofauti, kama shahidi anayebadilisha maelezo. Mkuu wa Mawasiliano alizilaumu betri, ambazo kweli zilikuwa zimechoka, na mimi nilikubaliana naye. Tukachanga tukanunua mpya sokoni. Kwa betri mpya makosa yaliongezeka. Mwalimu alikaa kwenye kiti kando ya mlango, akiangalia mikono yake. Alisema tusijisumbue, watoto anaweza kuwachorea ubaoni kama zamani. Sote tulijua kwamba hakuwa anaongelea watoto.

Nikarudisha betri zilizochoka ili nilinganishe. Makosa yakapungua. Hapo nilichukua mita ya volti nikapima: mpya zilikipa kibao zaidi ya volti tano, zile nyingine kama nne na nusu. Nikaanza kufikiri kwa sauti. Kila chembe ya kumbukumbu ni kama mtungi uliotiwa chaji. Kuisoma ni kuisukuma kwa umeme: mtungi uliojaa husimama, mtupu huanguka. Jua lilikuwa limevujisha mitungi nusu. Ukiisukuma kwa nguvu, hata yenye maji bado huanguka, nawe unaandika kwamba ni mitupu.

Mkuu wa Mawasiliano aliweka glasi chini. "Kumbe tunamfokea mgonjwa," akasema. "Muulize taratibu."

Tulifunga taa ya tochi kwenye betri zile chakavu tukaiacha iwake izidi kuzichosha, huku yeye akichemsha chai ya pili. Mita iliposhuka karibu na volti nne nilisoma tena. Jumla ikawa ile iliyoandikwa mwisho wa programu. Nilirudia, ikawa hiyohiyo. Mwalimu aliomba aisome mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, akaisoma kwa Kifaransa, tarakimu moja moja.

Chipu mpya ilitoka katika akiba ya redio, na aliyeitoa ni mama yule yule aliyetishia kunianika. Niliiandika, nikafunika kidirisha kwa tepu nyeusi tabaka mbili, nikaichomeka. Mwalimu alibonyeza mlinganyo mmoja mfupi. Kwa muda kioo kilibaki kitupu. Kisha nukta ya kwanza ikatokea ukingoni, upande wa kulia, na mkunjo ukaanza kutembea kuelekea kushoto.

"Ni yeye," Mwalimu alisema. Akaufuta, akauchora tena.

Nilipokwenda Kasulu nilimsimulia Fundi Mkuu yote, bila kuficha ushauri ulitoka kwa nani. Alisikiliza hadi mwisho akiendelea kukaza skrubu.

"Kwa hiyo upo muhogo unaoharibikia juani," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepanda ngazi yake na kifaa kabla ya kukikagua kama kina kidirisha, na tepu nyeusi ilining'inia msumarini kando ya mlango. Aliniuliza pia kama Mwalimu ana kinyongo. Nilimwambia hana. Alinipa mfuko wa maharage nimpelekee, wala hakueleza ni wa nini.

Diski moja ilitumwa Ulaya kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na Mwalimu katika kiwanda kile. Alijibu kwamba huko wapo wanaokusanya vikokotoo vya majaribio kwa mapenzi tu, kama sisi, na kwamba vya aina hii walivyonavyo vilikuwa vimefutika vyote. Waliuliza tumetumia chombo gani. Mkuu wa Mawasiliano alinisihi niandike ukweli, nikaandika: betri mbovu.

Mwalimu alirejea kwao kupitia Mabamba na kikokotoo chake ndani ya shati. Kituo kilipofungwa nilirudi kijijini kwetu Kitahana, ambako ninalima, na bado ninaanika vifaa vya watu mvua zinapozidi. Chipu ya zamani aliniachia mimi. Imo katika kopo la majani ya chai, kidirisha kimefunikwa, na sijui kama bado inakumbuka kitu.

Wanaosikia habari hii huuliza tulipata faida gani. Faida sijaweza kuikokotoa. Hasara naijua: betri nne mpya ambazo hazikufaa kitu, shilingi mia nane.