Marashi ya Baba

Leo, katika soko la Bunia, mtu amenipita akinukia marashi ya baba, nikasimama katikati ya njia.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa ameenda kuchimba dhahabu upande wa Mambasa, na hatukuwa na habari zake. Siku moja nikavunja chupa yake ya marashi chumbani. Vipande vilibaki pale vilipoanguka; maji yake yalifuata mteremko wa sakafu, yakaishia chini ya kitanda. Lakini harufu! Ilijaa jikoni, ikajaa darini, hata kwenye mikunjo ya blanketi. Nilikimbia huku na huku na kikombe, nikijaribu kuikamata.

Mama akarudi kutoka shambani. Nikangoja kofi. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu.

“Funga mulango,” akasema polepole. “Na madirisha yote. Baba yako iko humu ndani, asitoke.”