Ndoo ya Baba Mkwe

Moyo wangu ulipoanza kuchoka, mwanangu alinitoa mtaa wa Gatwekera akanihamishia kwake mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Chumba ni kimoja: yeye, mkewe na mimi, pazia katikati. Kwetu magharibi mwa nchi, baba mkwe na mke wa mwanawe hata mkono hawapeani. Sasa huyu nilikuwa namsikia akigeuka kitandani. Nilikuwa nimekasirika hata kabla ya kumeza dawa.

Dawa zenyewe hazikunisumbua, ila moja: kidonge cha kutoa maji. Sista wa kliniki alinieleza kwamba moyo ukilegea maji hujaa miguuni na kwenye mapafu, na hicho kidonge huyafukuza. Hakusema yanafukuziwa wapi. Choo kiko nyuma ya ploti, nyuma ya vyumba vyote vya wapangaji, na mimi nikifika mlangoni tu natweta. Basi ikawa ni ndoo. Mwanangu yuko mjengo, kwenye kibarua cha ujenzi, tangu alfajiri, kwa hivyo wa kuimwaga ni mkewe. Aibu gani hiyo, jamani?

Nikaacha kukimeza. Nilimwambia huyo mke wa mwanangu wazi kwamba hicho kimenishinda. Miguu ikavimba hadi viatu vikakataa. Nikawa nalala nimeketi, maana nikilala chali nahisi nazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia mafundi wenzangu kule karakana. Na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nakufa kwa kuogopa mkojo.

Asubuhi moja mke wa mwanangu alivuka pazia, akapiga magoti, akaubonyeza mguu wangu kwa kidole jinsi sista anavyofanya. Shimo likabaki. Hakuwa amewahi kunigusa. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaniwekea kidonge kiganjani.

"Baba, nyumbani tungekuwa na nyumba mbili. Hapa tuko na moja. Meza."

Nikameza nikiangalia ukuta.

Kabla chai haijapoa, kikaanza kazi. Alitoka nje akaniacha, na nilipomaliza akarudi, akaifunika ndoo, akaibeba. Mabati hayazuii sauti. Nikamsikia jirani akimuuliza amebeba nini amekifunika vizuri hivyo. Niliomba adanganye, aseme ni maji ya kufua.

"Ni mkojo wa babangu," akasema, bila kushusha sauti. "Leo umetoka mwingi, Mungu asifiwe."

Ploti nzima ikasikia. Nikavuta blanketi hadi usoni, mzee mzima, nikalia.