Nguvu za Asubuhi

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, mimi nilikuwa ndio kwanza natoka kuugua kifua. Dawa nilizimaliza, nikaambiwa nimepona, lakini mwili haukurudi wote. Asubuhi nilikanyaga cherehani vizuri tu. Jua likifika utosini mikono ilianza kutetemeka, sindano nikaiona mbili, na siku yangu ya kazi ikawa imeisha.

Nilikuwa nashonea barazani kwa mwenye duka la vitambaa, karibu na soko. Wateja wangu walikuwa watu wa kando ya mji, Nangara na Nakwa: zipu imeharibika, suruali ya shule imetoboka magotini, kitenge kinataka pindo. Aliyetangulia ndiye niliyemhudumia kwanza, kama miaka yote. Sasa wakaongezeka watumishi waliohamia na ofisi za mkoa. Wao walitaka suti, walitaka mapazia ya nyumba nzima. Kazi zao nilizisogeza pembeni, nikijiambia ngoja nimalize hivi vidogo. Nikivimaliza, nguvu nazo zimekwisha. Mtumishi mmoja alifuata mapazia yake akakuta kitambaa hata hakijakatwa. Hakugomba. Alikibeba kwapani, akaondoka.

Mke wangu alikuwa akipiga pasi pembeni yangu, akayaona yote. Tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Baba watoto, wewe una asubuhi tu," akasema. "Ukiimalizia kwenye zipu za watu, sisi tutakula nini?"

Kuanzia kesho yake asubuhi ikawa ya suti na mapazia peke yake. Yeye ndiye aliyekaa mbele, akiwapokea wenye kazi kubwa na kuwarudisha wenye viraka, maana mimi nisingeweza kuwakatalia.

Siku moja akaja bibi mmoja wa Nakwa, mteja wangu tangu naanza ufundi. Alileta koti la marehemu mumewe, lipunguzwe mjukuu apate kulivaa.

"Shikamoo, mama," mke wangu alimwambia. "Siku hizi hatupokei nguo za kupunguza. Fundi hali yake si nzuri."

"Marahaba. Mbona namwona anashona?"

Mke wangu akainamia pasi yake. Bibi akanitazama, pazia refu limenijaa mapajani, kisha akalikunja koti taratibu.

"Haya, fundi. Sasa wewe ni wa mkoa."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Asubuhi ilikuwa inakwenda.

Mke wangu alikuwa sahihi. Kodi ya baraza ililipika, watoto hawakurudishwa kutoka shule, na nyumbani hatukukosa maziwa na mayai niliyosisitiziwa hospitali. Polepole mwili ukajaa. Ikafika wakati nikaweza kushona hata alasiri, mikono imetulia.

Nikamwambia mke wangu tuanze tena kupokea viraka. Akakubali, akafurahi hata. Lakini hakuna aliyeleta. Watu walishazoea mafundi vijana wa stendi. Walipita mbele yangu na mifuko yao ya nguo, wakanisalimia kwa heshima, "Za kazi, fundi?"

"Nzuri," nilijibu, nao wakaendelea na safari.

Kazi za watumishi zilitosha asubuhi tu. Alasiri nilikuwa na afya, cherehani imetiwa mafuta, na mbele yangu hakuna kitu. Mwenye duka alinipigia soga mpaka alipopata mteja. Mwisho nikazoea kufunga mchana na kwenda shambani, nikapalilia mahindi peke yangu mpaka jua linazama.