Nilijenga bwawa la samaki na mboga uani Bariadi, mzee wangu akaligeuza zizi

Mwangaluka wakuu. Nyie wa mbali msioijua salamu yetu, basi za asubuhi.

Nimekuwa nasoma humu kimya kimya muda mrefu, leo naandika uzi wa kwangu. Ni mambo ya uani kwangu hapa Bariadi mjini, na sitii chumvi. Atakayebisha aje anywe chai, aone kwa macho yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona uniform za shule na magauni ya kina mama, na mdomo wangu hauna breki, hilo mtaa mzima unalijua.

Mama alipofariki nilimchukua baba kutoka Mwamanyili, kijijini kwetu kando ya ziwa, nikaja kuishi naye. Ni mzee wa Kisukuma aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe wenyewe waliisha, wengine kwa ukame, wengine tukauza mama alipokuwa anaumwa. Kule kijijini hakubaki mtu hata wa kumsongea ugali.

Lakini mjini pakamshinda. Asubuhi anatoa kigoda, anakaa kutazama ukuta wa jirani mpaka jua linazama. Chakula anakigusa tu. Ukimuuliza, anasema yuko salama, mvua zikikatika anarudi kwake.

Kwake wapi, wakuu? Nyumba imeanguka upande mmoja. Niliogopa kweli kweli. Nilijua akirudi kule peke yake, safari yangu inayofuata itakuwa ya kwenda kumzika.

Sasa tuje kwenye mradi. Nisiwadanganye, sikuuanza kwa ajili ya mzee. Nilitaka mboga. Maji yetu ya bomba mnayajua, yanakuja yanapojisikia, na kiangazi mchicha unakuwa wa kubembeleza. Nikiwa nashona nilikuwa naangalia video za aquaponics, nikaona mbona hii naiweza.

Kwa wasiojua: unafuga samaki kwenye tenki. Pampu inapandisha yale maji machafu ya samaki kwenye kitalu cha kokoto hapo juu. Kwenye kokoto kuna bakteria wanaogeuza uchafu kuwa mbolea, mboga zinakula, maji yanarudi chini yakiwa safi. Maji ni yale yale, yanazunguka tu.

Nilipata tenki kuukuu la plastiki, yale ya mraba yenye kizimba cha chuma. Huku kwetu kwenye pamba lazima uulize lilibeba nini, maana ukiletewa lililokaa dawa ya kupulizia umekwisha. Langu lilibeba mafuta ya kula. Nikalikata juu, kile kipande cha juu nikakigeuza kuwa kitalu, nikanunua pampu ndogo ya sola.

Kokoto niliziosha kivivu. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa, nikamwaga yote na kuanza upya huku najitukana mwenyewe.

Halafu maji yakaanza kuzunguka.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Uani kwangu kulikuwa na vumbi, kamba ya nguo na kuku wa jirani. Ghafla pakawa na sauti ya maji yanayoshuka. Jua likipiga kwenye tenki, mwanga unacheza ukutani, ule ule ukuta aliokuwa anautazama mzee. Baba aliuangalia ule mwanga muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akageuza kigoda, akakaa kuelekea majini.

Vifaranga vya sato nilivifuata Nyashimo kwa mfugaji mmoja, nikarudi navyo kwenye basi, ndoo mapajani, abiria wananicheka njia nzima. Nilipovimimina, baba akapiga mluzi. Mluzi ule ule wa kuita ng'ombe kunywa maji lamboni.

Kuanzia hapo sikuwa tena na mradi wa mboga. Nilikuwa na zizi. Mzee aliwapa samaki majina kwa rangi zao, huyu mweusi, huyu wa madoa, yule mwenye mkia uliochanika. Nilipotaka kuwahesabu alinikatalia kabisa, mifugo haihesabiwi kwa kuionyeshea kidole, utaiharibu.

Mchana wa joto, upepo umelala, nikisimamisha cherehani nilikuwa nasikia maji yanashuka na baba anaongea nayo polepole kwa Kisukuma. Nasinzia na sindano mkononi. Nikishtuka, kwa dakika nzima sijui kama niko Bariadi au ni mtoto mdogo Mwamanyili, niko ufukweni kwenye mawe na mama anafua. Nilikuwa sitaki kuamka, nasema ukweli.

Na mzee akaanza kula. Akimaliza anaomba maji ya kunywa, anarudi kwenye kigoda chake. Habari za mvua kukatika akawa hazitaji.

Siku moja nikaenda Dutwa kupeleka uniform. Wakati wa kutoka nikamwambia tu, baba, samaki nakuachia wewe. Maneno ya mtu anayewahi basi, basi.

Mfumo ulikuwa bado mchanga. Hapa ndipo wanaoanza tunapokosea, bakteria hawajatosha na sisi tumeshajaza samaki. Siku ile samaki wakawa wazito, chakula hawagusi. Mzee akafanya alichofanya miaka yote ng'ombe anapokataa majani. Akaenda dukani kwa jirani yetu Mama Zuhura, akanunua magadi, akayaponda vizuri, akawapa.

Mfugaji yeyote wa huku angefanya hivyo hivyo. Ng'ombe anaramba magadi, anapata hamu ya kula, ananenepa. Sasa kwenye tenki la samaki, magadi yanapandisha pH ghafla, na ile ammonia ya uchafu wao iliyokuwa humo inageuka sumu kali.

Nimerudi jioni, jua bado lipo. Nimefungua geti nikamkuta baba amesimama kwenye njia, ameshika ungo kwa mikono miwili. Ndani ya ungo samaki waliokufa, wamepangwa vizuri, vichwa upande mmoja. Mlangoni niliona begi lake limefungwa.

Nilimpita mbio mpaka kwenye tenki. Waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Akanieleza habari ya magadi kwa sauti ndogo sana. Mdomo wangu huu nilioutaja uliniwasha, wakuu. Nikaung'ata. Nilimwita Mama Zuhura kwa kupaza sauti juu ya ukuta.

Yule mama ni mtu. Amekuja na maji ya pipa lake mwenyewe, yaliyokaa siku kadhaa, na mnajua maji hapa ni mali. Tukachota ya zamani, tukamimina mapya kidogo kidogo, tena na tena, mpaka migongo ikakataa. Taratibu samaki wakaanza kushuka chini.

Muda wote huo baba hajasogea. Amesimama na ungo wake. Mama Zuhura akamwambia, mzee, watupe hao paka wale, utachoka. Baba akakataa.

"Mwenyewe hajawaona," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwa wasiojua mila zetu: Msukuma mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi baadhi kwa mtu mwingine amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mchungaji anampelekea mwenyewe ngozi. Mwenyewe anaitazama ngozi, anaamini, hakuna ugomvi. Lakini mchungaji akiona mkono wake umekuwa na mkosi, anarudisha kundi na kuondoka.

Kumbe ile kauli yangu ya mlangoni, mzee aliipokea kama kukabidhiwa kundi. Alikuwa ananisubiri mimi, binti yake, nitazame ngozi. Kisha anirudishie samaki wangu aende zake.

Nikanawa mikono. Nikasimama mbele yake kama mtu mzima, Mama Zuhura akiwa shahidi, nikatazama samaki mmoja mmoja kwenye ungo. Yule wa madoa alikuwemo. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Nimewaona, baba. Kundi sipokei. Lirudi kwa mchungaji wake."

Baba alinitazama usoni, akatazama tenki, akatazama tena usoni kwangu.

"Na maziwa, mayu? Maziwa ni ya nani?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita.

Nikamwambia mchicha wote ni wake, auze, agawe, ale, mimi nitakuwa naomba kama jirani yeyote. Akasema wabeja, asante ya kwetu. Begi akaliingiza ndani mwenyewe, sikuligusa.

Sasa wakuu, mafunzo. Acheni mfumo uzunguke bila samaki wengi wiki kadhaa kwanza. Nunueni kile kipimo cha pH. Samaki wakikataa chakula, usiwalazimishe na usiwape dawa ya mifugo mingine, badilisha maji taratibu. Na ukimwachia mtu mzima kitu chako, jua umemwachia kweli, hata kama wewe ulikuwa unawahi basi.

Kubwa kuliko yote, kuna wazee tunawaleta mjini tunawapa godoro zuri na luninga, halafu tunashangaa wanataka kurudi. Mtu aliyeamka maisha yake yote kwa sababu kuna kiumbe kinamsubiri, luninga atafanya nayo nini?

Mliofuga sato kwa mtindo huu nisahihisheni nilipokosea, sitanuna. Na mwenye kujua nitapata wapi tenki la pili kwa huku Simiyu, lisilobeba dawa ya pamba, aniambie haraka. Mchungaji ananigombeza kila asubuhi kwamba kundi limebanana.