Niling'oa zege nikaweka paving ili mama arudi akitembea: yaliyonikuta Ruhuwiko

Wakuu wa jukwaa, salaam kutoka Songea. Huku mvua imeanza tangu alfajiri, nimejifungia ndani, na kuna jambo limenikaa kooni wiki kadhaa sasa.

Sitii chumvi. Atakayeona nimeongeza, aje Ruhuwiko aangalie getini kwetu. Ushahidi uko chini, ataukanyaga.

Kwanza mjue mazingira. Nyumba ni ya wazazi. Mzee alishatangulia, naishi na mama na familia yangu. Kutoka getini mpaka barazani kulikuwa na njia ya zege, alilimwaga mzee mwenyewe na rafiki zake zamani. Bila nondo, bila kuacha nafasi za kupumulia. Bamba moja refu tu.

Udongo wetu mnaujua. Mwekundu, mvua ikija unavimba, kiangazi unapasuka. Na zege nalo likapasuka. Mizizi ya mparachichi ikainua upande mmoja, upande wa pili ukadidimia, maji yakapata makazi.

Watu wa Dar mnadhani Songea ni baridi tu. Njooni msimu wa mvua. Jua la kuchoma mchana, baadaye mvua kubwa, halafu unyevu mpaka nguo kabatini zinaota ukungu. Zege letu likaota utando wa kijani unaoteleza kama bamia. Mama alikuwa anausugua kwa chumvi na fagio la chelewa, baada ya siku chache umerudi.

Siku moja akateleza. Akavunjika nyonga.

Aliyesikia ukelele wake ni jirani yetu, Mama Kosmas. Mjue vizuri huyu mama, maana ndiye uzi wenyewe. Yeye na mama yangu waliolewa mtaa huu wakiwa wasichana. Misa ya alfajiri wanakwenda pamoja, jumuiya pamoja, shamba pamoja. Nikichapwa nyumbani utotoni, nakimbilia kwake nikale makande. Siku ile aliruka ukuta. Ndiyo, mama wa umri ule na mguu wake mbovu, aliruka ukuta wa matofali.

Mama akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa Mbinga kwa dada yangu Salome apate uangalizi.

Hapo ndipo presha ikaanza. Kwa mila zetu mama kukaa nyumba moja na mkwewe wa kiume ni adhabu kwa wote wawili. Shemeji yangu alikuwa anaingia kwake kwa mlango wa uani kama mwizi ili wasikutane koridoni. Mama naye alikuwa hali akashiba. Kila akipiga simu ni wimbo mmoja.

"Lini narudi kwangu? Nilitoka nimebebwa kama gunia. Narudi kwa miguu yangu. Atakayeninyanyua pale getini nitamlaani. Na umwambie Mama Kosmas anisubiri hapo hapo."

Sasa utamrudishaje mgonjwa wa nyonga kwenye zege lile lile lililomvunja? Nikaamua: linang'olewa, tunaweka paving, vile vitofali vya saruji vya kupanga chini. Maji yanapenya kwenye viungio, hayatuami, na uso wake ni wa kukwaruza, mguu unashika. Ikididimia sehemu unainua vipande vichache tu unarekebisha. Kwa akili yangu ilikuwa kazi ya wiki mbili.

Nicheke kidogo.

Nikampata fundi, tumwite Frido. Mtu wa Mpitimbi, mchangamfu kuliko inavyotakiwa. Jibu lake kwa kila kitu ni "hamna shida bosi". Wakuu, fundi asiyeona shida popote, mkimbieni.

Zege lilimtoa jasho. Mzee alikuwa amelimwaga jembamba pale magari yanapopita, nene kabisa pale kwenye maua. Mama Kosmas alikuja na ndoo ya togwa kwa mafundi, akasimama mikono kiunoni, akaanza: "Zege la baba yako mnalipiga namna hiyo, hamna hata haya." Kisha akakaa mpaka jioni anawasimamia. Aliniambia nisimwambie mama kitu kuhusu paving, tumfanyie surprise. Yeye ndiye angempokea getini.

Zege likatoka. Moramu, ule udongo wa changarawe, ikamwagwa. Paving zikashushwa, zile za rangi ya udongo, nikazipanga vizuri kando ya ukuta. Nikakodi kompakta, ile mashine ya kushindilia ardhi yenye kelele ya kuamsha mtaa.

Asubuhi Frido anataka kuiwasha, tukasikia kilio ng'ambo ya ukuta.

Mama Kosmas alikuwa amefariki. Alikwenda kuchota maji bombani, akakaa chini, hakuinuka.

Nililia, wakuu. Sioni aibu kusema. Nililia nimekaa juu ya moramu.

Bila shaka kompakta haikuwashwa. Huwezi kupiga mashine ile jirani kuna msiba, labda kama umepanga kujizika mwenyewe. Nikairudisha kwa mwenyewe.

Halafu watu wakaanza kuja. Uwanja wa Kosmas, mtoto wa marehemu, ni mdogo, wa kwetu mkubwa, kwa hiyo majiko yakahamia kwetu. Hilo ni jambo la kawaida, nililikubali kabla sijaulizwa. Nilichosahau ni kwamba msiba wa watu wengi unahitaji vitu vya kukalia, vya kushikilia turubai upepo usilichukue, na mafiga.

Na mimi nilikuwa na lundo la paving kando ya ukuta.

Natoka ndani naona miguu ya turubai imewekewa paving zangu. Wanaume wamezipanga viti, wamekaa, wanaangalia moramu yangu na kunishauri. Mmoja anasema ningetanguliza mawe. Mwingine anasema ningeacha zege. Wa tatu anasema nyumba yenyewe imekaa vibaya.

Na pale kwenye majiko, akina mama wa jumuiya wamezisimamisha paving pande tatu, juu yake masufuria makubwa ya wali na maharage, kuni zinawaka. Moja ilipasuka kwa moto kwa mlio mkubwa, wapishi wakatawanyika na miiko mkononi, kisha wakarudi, wakachukua nyingine palepale lundoni.

Nyie mngesema nini? Usimame msibani useme "samahani jamani, naomba vitofali vyangu"? Utazikwa na nani?

Nikasogeza nyingine mwenyewe.

Naona kuna mkuu ataniuliza kwa nini sikununua mafiga ya chuma. Mkuu, mtu anakufa asubuhi, mchana watu mia wanataka kula. Tuendelee.

Jioni ile Salome akapiga simu kutoka Mbinga. Anasema mama asiambiwe. Presha yake iko juu, mfupa ndio unaunga, akisikia tutamzika na yeye. Nilibisha kidogo, halafu nikakubali. Ndugu wote wakakubali. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, mnajua.

Tatizo mama ana simu. Alikuwa anampigia Mama Kosmas kila jioni. Salome akatunga kwamba Mama Kosmas amekwenda Lusewa kwa binti yake kusaidia shamba, na kule alikofikia mtandao haushiki.

Mama akauliza swali moja tu: "Lusewa? Na mguu wake ule?"

Tukasema ndiyo.

Matanga yakaisha. Akina mama wakarudisha paving zote, Mungu awabariki, wamezisugua kwa majivu na steel wire. Hazikutakata. Masizi yakiingia kwenye kitu cha saruji yamehamia. Nyingi zilikuwa na doa jeusi upande mmoja, pale palipotazama moto. Nikaenda kwa wauzaji kutafuta za kubadilisha, naambiwa rangi ile imeisha.

Frido: "Hamna shida bosi, tutaziweka nyuma ya nyumba, kwenye tenki la maji." Nikasema sawa.

Tukatafuta kompakta tena. Imepatikana, mvua ikanyesha. Mvua ya kwanza ya kupandia. Mkazi yeyote wa Ruvuma anajua kinachofuata. Simu ya Frido haipatikani. Simu ya msaidizi wake haipatikani. Mji mzima umekwenda kupanda mahindi.

Nilimfuata Mpitimbi kwa pikipiki, natelezateleza, namkuta shambani na mkewe. Ananipungia mkono kwa furaha kabisa. "Bosi, mvua hii haisubiri. Paving zako haziozi." Nilitaka kumtukana, nikashindwa, maana mke wake alishaanza kunipakulia viazi.

Huku nyuma moramu yangu imegeuka uji. Bata wa mtaani wanaogelea.

Frido akarudi alipomaliza kupanda. Tukatoa tope, tukamwaga moramu upya, tukashindilia, mchanga, wakaanza kupanga. Mimi nina duka la vifaa vya umeme mjini, siwezi kushinda nyumbani. Na mama kule Mbinga alishatangaza kwamba Jumamosi anapanda gari hata kama dereva hayupo.

Ijumaa jioni narudi, kazi imekwisha. Imenyooka, imependeza, kweli kabisa, nilifurahi. Kisha nikatazama chini getini.

Paving za masizi zote Frido kazipanga pale getini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nampigia simu, anasema: "Bosi, pale ndipo magari yanaingilia, matairi yangepachafua tu. Hamna shida."

Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Mke wangu akaniambia niache, akaleta zulia la sebuleni, tukalitandika pale juu.

Asubuhi gari likafika. Mama akashuka na walker yake, kile kifaa cha miguu minne cha kuegemea akitembea, amevaa kitenge cha jumuiya, amenyooka. Watoto wakapiga vigelegele. Mimi na Salome tumesimama kando na mikono tayari, hatuthubutu kumgusa.

Akaangalia njia nzima mpaka barazani. Akatabasamu. Wakuu, mateso yote niliyoyasimulia hapo juu yalilipwa na tabasamu lile.

Kisha akaona zulia.

"Toeni hilo. Mnataka nianguke tena?"

Hakuna aliyesogea. Akalisukuma mwenyewe kwa mguu wa walker mpaka likajikunja.

Akakanyaga. Hatua moja, nyingine. Akasimama. Tukadhani ni nyonga, Salome akamkimbilia, mama akamzuia kwa mkono. Alikuwa anatazama chini. Akaigonga paving moja kwa ncha ya walker.

"Hizi zimepikiwa."

Nikasema haraka kwamba fundi alichoma takataka.

"Takataka haziachi alama ya figa," akasema. "Haya ni masufuria makubwa. Mmepika chakula cha watu hapa."

Akainua macho akatazama ukuta, akatazama geti la jirani, kisha mahali alipoomba Mama Kosmas amsubiri.

"Lusewa," akasema.

Basi. Hakupiga kelele, hakuanguka kama tulivyoogopa. Alitutazama mmoja mmoja, na sijawahi kutazamwa vile tangu nizaliwe. Kisha akaigeuza walker.

Njia yote ile, moramu mara mbili, kompakta mara mbili, safari ya Mpitimbi, vidole vyangu, mama aliikanyaga hatua mbili tu. Akatoka getini akaingia kwenye tope la barabara kuelekea kwa Kosmas. Miguu ya walker inazama, anaichomoa, inazama, anaichomoa. Nilipotaka kumshika alisema, "Niache. Yeye alikuja kwangu kwa kuruka ukuta."

Kosmas alimkuta mlangoni kwao. Hapo ndipo mama alilia, na alilia sana.

Alikaa kule mpaka jioni. Aliuliza kila kitu: nani alimwogesha, alivikwa nini, padre gani alizika, alikula nini siku ya mwisho. Presha tulipopima ilikuwa ya kawaida. Yangu ndiyo ilipanda.

Kwetu alirudi kwa miguu yake, kama alivyoahidi. Alikanyaga zile nyeusi polepole. Mlangoni akaniambia, "Nilikosa kumzika. Hilo hutanirudishia." Nikasema samahani mama. Hakuitikia siku ile. Ameitikia juzi.

Somo nililopata? Kama unang'oa zege, maliza kabla ya mvua za kupandia, la sivyo fundi ni wa mahindi. Simama mwenyewe wakati wa kupanga. Na mgonjwa wenu mkimficha msiba, mjue anayeamua ni nyie, ila anayekosa kumwaga mchanga kaburini ni yeye. Mimi sirudii.

Wiki iliyopita wauzaji wamenipigia, rangi ile imepatikana, nije nibadilishe. Mama ameniambia nisiguse kitu. Kila asubuhi anatoka na walker kufanya mazoezi, akifika pale getini anasimama kidogo, halafu anageuza.

Karibuni wakuu. Mliowahi kuficha msiba kwa mgonjwa, nyie mlisema lini, na mlianzaje? Wa kunitukana atukane, nimekaa.

Ila mwenye dawa ya kutoa masizi kwenye paving abaki nayo. Haihitajiki tena.