Majani Aliyoyapanda Baba

Mama yangu hutunza mabwawa ya bustani za watu, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Vibwawa. Jina halimkeri. Kinachomkera ni mtu anayemwaga samaki kwenye maji matupu, kisha akashangaa wamekufa. "Samaki naye anavuta hewa, jamani," huwaambia, "na hewa yake inatoka kwenye majani." Na majani yenyewe yawe ya kijito cha hapa hapa, yaliyoyazoea maji haya. Akipunguza, hatoi zaidi ya theluthi kwa wiki, na anachotoa hukilaza ukingoni siku nzima ili konokono na wadudu warudi majini.

Kanuni hizo zilivunjwa kwenye bwawa la nyumbani kwetu, na mvunjaji alikuwa baba.

Baba, fundi saa mstaafu, alikuwa mgonjwa wa kifua na mbishi wa kuzaliwa. Alinunua fungu la majani ya kigeni kwenye duka la samaki wa mapambo, eti yanapendeza. Mama akaja juu. "Hayo yatajaza bwawa lote, baba watoto!" Baba akacheka mpaka akakohoa. Mama alipokwenda kazini, akayafunga kwenye jiwe kwa kamba ya kiatu chake, akayatumbukiza.

Miezi minne baadaye alifariki. Mwishoni, alfajiri ndiyo ilikuwa mbaya: aliketi kitandani mdomo wazi, akiitafuta hewa, nasi tumemshikia mto mgongoni.

Majani yake hayakufa. Yalijaza bwawa, na yakiwa mengi kiasi hicho, hewa yanayoitoa mchana huimaliza yenyewe usiku. Basi kila alfajiri samaki wakawa wanapanda juu kuhema. Pwa. Pwa. Pwa. Mara ya kwanza kuusikia mhemo ule nilikurupuka kwenda kushika mto. Nilimkuta mama ameketi dirishani, peke yake, anatazama bwawa.

"Unamsikia?" aliniuliza.

Nywele zilinisimama. Halafu, siku zilivyopita, nikakasirika. Mama alikuwa akienda kuokoa samaki wa watu, wa kwetu nawaokota mimi wakielea.

"Mama, lingekuwa bwawa la mteja ungefanyaje?"

"Majani yale ni yale yale aliyoyashika baba yako kwa mkono wake," alisema. "Hayakuzaa mengine. Yamerefuka tu."

Samaki walipobaki watatu, mama aliingia majini. Akatoa theluthi, akailaza ukingoni, akapanda majani ya kijito palipobaki wazi. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Wiki ya tatu akaibua jiwe, na kamba ya kiatu bado ina fundo la baba, limekaza kama yeye mwenyewe. Hakulifungua. Alichomeka chini ya kamba ile majani mapya, laini kama brashi ya chupa, akalishusha jiwe pale pale lilipokuwa.

Siku chache baadaye niliamka alfajiri, kimya kimetanda. Nilikimbilia bwawani. Samaki wote watatu walikuwa chini, wazima, hawana habari na mtu. Nikarudi ndani mbio kumpongeza mama.

Alikuwa dirishani, ametega sikio.

"Husikii, eh?" nilimwambia nikicheka.

"Sisikii," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, akalia. "Nimemnyamazisha mwenyewe, mwanangu."